Frascati kwa asiyekula nguruwe: ushauri wa mwenye Jumapili moja

Anayetunza mzee hapa Italia, badante kama wanavyotuita, anazijua siku zake za mapumziko kama anavyoyajua majina ya watoto wake: Alhamisi mchana na Jumapili. Zilizobaki ni za mwenye nyumba. Miaka yangu miwili ya kwanza Roma nilizimalizia siku hizo pale stesheni ya Termini, nimeketi na wenzangu tunakula chipsi zilizopoa na kupeana umbeya wa nyumbani. Mji tulikuwa tumeshauona. Colosseum tuliitazama kwa nje, foleni yake tukawaachia wenyewe. Mpaka siku moja bibi ninayemtunza, ana miaka 87 na ulimi wa pilipili, akaniuliza: "Wewe kila Jumapili unakwenda kutazama treni? Si upande moja?" Akanitajia Frascati.

Nimeshakwenda zaidi ya mara kumi sasa. Nimepotea njia, nimelipishwa kwa ujinga wangu mwenyewe, nimekuta milango imefungwa. Na kwa kuwa mimi ni Muislamu wa Malindi, na huo ni mji ambao sifa zake mbili kubwa ni nyama ya nguruwe na mvinyo, kila ninayemwambia huniuliza: sasa wewe huko unakwenda kula nini? Nimechoka kujibu kwa simu, nimeona niandike.

Frascati ni mji wa watu 20,000 na ushei, umekaa kwenye vilima kusini-mashariki mwa Roma, umbali wa kilomita kama 20. Vilima hivyo ni mabaki ya volkano ya zamani, na udongo wake ndio unaolea ile mizabibu. Wakazi wengi hushuka Roma kazini asubuhi na kurudi jioni, kama watu wa Mtwapa wanavyoingia Mombasa. Kwa treni ni nusu saa, na reli yenyewe ni kongwe: ilifunguliwa mwaka 1856, enzi Papa alipokuwa bado anaitawala Roma na nchi inayoizunguka, na ilikuwa ya kwanza katika nchi hiyo. Nauli haizidi bei ya vikombe viwili vitatu vya kahawa. Ukishapata tiketi ya karatasi, igonge kwenye kile kimashine cha ukutani kabla hujapanda. Mkaguzi hajali kwamba umelipa. Tiketi isiyogongwa kwake ni sawa na hakuna tiketi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipoumia. Njia inaitwa FL4, lakini FL4 ni treni tatu zenye jina moja. Zote zinafika Ciampino, kisha zinagawanyika: moja Frascati, moja Albano, moja Velletri. Mara ya kwanza niliona tu FL4 kwenye ubao nikapanda, nikajibweteka dirishani. Nikashtukia ziwa chini yangu, la mviringo, limetulia kama maji ndani ya sufuria. Nikajisemea, mbona hakuna aliyeniambia Frascati ina ziwa? Ilikuwa Castel Gandolfo, kule mapapa wanakopumzikia wakati wa joto, njia ya Albano. Mzee mmoja kwenye stesheni alicheka mpaka akavua miwani. Kwa hiyo soma jina la mwisho wa safari, usisome namba. Kama limeandikwa Frascati hupotei tena, kwa sababu reli inaishia hapohapo.

Stesheni iko chini, mji uko juu, na katikati kuna ngazi. Ukiwa na mtoto wa kubeba au goti linalosumbua, panda polepole. Ukifika juu unakutana na uwanja, na mbele yako mlimani limesimama jumba kubwa la rangi ya mchanga, kana kwamba linakusubiri ueleze umekuja kufanya nini. Hilo ni Villa Aldobrandini. Kadinali Pietro Aldobrandini, mpwa wa Papa Clement wa Nane, alilijengewa kuanzia mwaka 1598, na nyuma yake kuna ukuta wa chemchemi na masanamu ambapo Atlas, jitu la hadithi za kale, amebeba dunia mabegani huku maji yakimmwagikia. Makadinali na matajiri wa Roma walishindana kujenga majumba huku ili kukimbia joto. Jumba hili bado ni mali ya ukoo ule ule, si la serikali, kwa hiyo usipande kilima kizima bila kuuliza kwanza kama bustani inafunguliwa siku hiyo. Mimi nilipanda. Nikagusa geti, nikageuka.

La bure, na lisilo na geti la kukukataa, ni Villa Torlonia, hatua chache tu kutoka uwanja ule. Ni bustani ya umma. Ina miti mikubwa, ngazi za mawe, na ukuta mrefu wa chemchemi uliosanifiwa na Carlo Maderno, yule yule aliyejenga uso wa kanisa la Mtakatifu Petro kule Vatikani. Utatafuta jumba lenyewe hutaliona. Tarehe 8 Septemba 1943, adhuhuri, ndege za Wamarekani zilimwaga mabomu hapa kwa sababu Fildi Mashali Kesselring wa Ujerumani alikuwa ameweka makao yake makuu Frascati. Mamia ya raia wakafa. Jioni ya siku hiyo hiyo redio ikatangaza kwamba Italia imekubali kusimamisha vita. Jumba la Torlonia lilikwenda siku ile, zikabaki ngazi na maji. Ndiyo maana pia ukitembea mjini unaona nyumba ya karne nyingi imebanana na ghorofa la kawaida kabisa la baada ya vita. Wageni husema mji umeharibiwa na wajenzi. Siyo wajenzi.

Mimi husali Adhuhuri hapo bustanini, chini ya mti, kanga ndio mswala. Maji ya kutawadhia nachukua kwenye bomba la umma, yale yasiyokauka na ya kunyweka, nakuja na chupa yangu. Mpaka leo hakuna aliyenisumbua, ila mbwa mmoja aliyetaka kujua kuna nini kwenye mfuko.

Kwenye mfuko kuna chakula, na hapo ndipo hasa nilipotaka kufika.

Frascati ina vilabu vya mvinyo vinavyoitwa fraschette. Jina limetokana na frasca, tawi la mti, kwa sababu zamani mwenye mvinyo mpya alitundika tawi mlangoni watu wajue kumeiva. Watu wa Kilifi na Malindi nitawaeleza kwa neno moja: mangwe. Ndiyo, mangwe ya mnazi, tofauti ni kwamba hapa ni zabibu, na meza zina kitambaa cha karatasi. Mwenyewe anauza kinywaji, chakula unakuja nacho. Bibi ninayemtunza anasema alipokuwa msichana, nyumba nzima ilikuwa ikipanda treni Jumapili na vifurushi vya chakula, na watu hao walikuwa na jina lao, fagottari, wenye vifurushi. Siku hizi fraschette nyingi zimegeuka mikahawa yenye menyu, ila chache bado zinakuacha ufungue karatasi yako mezani, mradi ununue kinywaji. Uliza kabla ya kukaa. Maji nayo ni kinywaji. Kama huwezi kukaa palipo na mvinyo, sikulazimishi, bustani ipo. Mimi nikiwa na mwenzangu hukaa meza za nje.

Mwenzangu huyo ni dada wa Tanga, Mkristo, na yeye haji Frascati kwa ajili ya chemchemi. Anakuja kwa porchetta. Kwenye Uwanja wa Soko kuna vibanda ambavyo nguruwe mzima, ametolewa mifupa, amejazwa kitunguu saumu, pilipili manga na rozimari, amelala kwenye ubao, ngozi imekauka kama biskuti. Muuzaji anakata vipande anashindilia kwenye mkate. Asili ya kitoweo hiki ni Ariccia, mji jirani. Dada wa Tanga amekula kitimoto cha Dar na cha Moshi, na hukumu yake ni kwamba cha Dar kinashinda kwa ndizi na pilipili, hiki kinashinda kwa ngozi. Nimeifikisha kama nilivyopewa. Anayekula, aende pale, na aombe kipande chenye ngozi, la sivyo atapewa nyama tupu.

Sasa sisi wengine. Kwanza ujue adui anajificha wapi. Neno la nguruwe ni maiale, lakini kwenye menyu ya Roma na viunga vyake hulioni mara nyingi. Utaona guanciale, nalo ni shavu la nguruwe, na limo ndani ya tambi za carbonara, amatriciana na gricia, zote tatu. Utaona pancetta, speck, lardo. Utaona fagioli con le cotiche, maharage yanayokuita kwa jina la nyumbani, kumbe yamepikwa na ngozi ya nguruwe. Ragù, mchuzi wa nyama wa tambi, mara nyingi huwa ni ng'ombe na nguruwe pamoja. Coppiette ni vijiti vya nyama kavu yenye pilipili wanavyotafunia mvinyo; zamani ilikuwa farasi, siku hizi ni nguruwe. Na neno la kukariri usiku kabla ya kulala ni strutto, mafuta ya nguruwe, ambayo huingia kwenye baadhi ya mikate na vitu vya kukaanga. Mimi husimama mbele ya kabati la kioo nikauliza: "C'è maiale? C'è strutto?" Yaani, kuna nguruwe? Kuna mafuta yake? Hawakasiriki. Mtaliano humkasirikia anayetia maziwa kwenye kahawa ya mchana. Anayeuliza kilichomo ndani ya chakula humheshimu.

Baada ya hapo, kula. Cacio e pepe ni tambi, jibini la kondoo na pilipili manga, basi. Ikipikwa vizuri mchuzi wake ni mzito na hakuna hata tone la maziwa ndani. Anayechunga mpaka kigandishi cha jibini ajue kwamba Pecorino Romano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwanakondoo, hapo kila mtu na fatwa yake. Kuna ua la boga linalojazwa jibini na dagaa wa chumvi kisha likakaangwa, na kuna baccalà, samaki wa chumvi aliyerowekwa akakaangwa kwa unga. Aliyekulia kwa papa wa chumvi atamwelewa baccalà kabla hajamaliza kumeza. Supplì ni kachori ya wali yenye jibini katikati, ila nyingi zina mchuzi wa nyama, uliza. Artichoki za Kirumi hupikwa polepole na mnanaa mwitu, msimu wake ni baridi kuelekea Machi na Aprili. Nje ya hapo zinaletwa kutoka mbali, sioni haja.

Na kuna cicoria ripassata. Ni majani machungu, yanachemshwa, yanakamuliwa, halafu yanapitishwa kwenye mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na pilipili. Mara ya kwanza nilipotia mdomoni nilinyamaza. Dada wa Tanga akaniuliza kama nimeuma ulimi. Ilikuwa mchunga. Mchunga wa nyumbani kabisa, ule ambao mama alikuwa akiuchuma nyuma ya nyumba mvua zikianza na sisi tukinuna kwa uchungu wake. Nimelipa yuro tano kula kitu nilichokuwa nikikificha chini ya sima. Niliagiza sahani ya pili.

Lakini kwa mshahara wetu huwezi kukaa mkahawani kila Jumapili, kwa hiyo fanya kama fagottari. Ingia forno, ndiyo duka la mwokaji, ununue pizza bianca: haina nyanya wala jibini, ni mkate bapa tu wenye mafuta ya zeituni na chumvi, moto moto, unaokaribiana na mofa kuliko piza unayoijua. Kisha pita duka la jibini. Hapa nilichekesha watu. Niliona kibao cha bei kwenye pecorino, nikapiga hesabu, nikaona rahisi ajabu, nikaomba nusu kilo kwa sauti ya mtu mwenye pesa. Mama muuzaji akaweka kisu, akanitazama usoni, akaniuliza, "Signora, nusu kilo? Una wageni?" Bei ile ilikuwa ya etto. Etto ni gramu 100. Kitu chochote cha kukatwa hapa, jibini, zeituni, piza, huuzwa hivyo, na kibao kinaandika all'etto kwa herufi ndogo za kumnasa mtu kama mimi. Nikashuka mpaka etto moja na nusu, masikio yanawaka. Akaikata, akaifunga kwenye karatasi nene, akakunja pembe kama bahasha, halafu akanimegea kipande cha juu: "Hiki si cha kupimwa." Tangu siku hiyo nanunua kwake.

Piza, jibini, zeituni, nyanya mbili, tunda la msimu. Watu wawili wanashiba na chenji inarudi.

Saa nazo zina adabu yake. Makanisa hufungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri, na maduka mengi madogo vivyo hivyo. Ukifika saa nane mchana ukidhani utazunguka, utazunguka na paka. Mimi hufika kabla ya saa nne asubuhi, naona vya kuonwa, nanunua chakula kabla ya saa saba, halafu nakaa chini nisihangaike. Jumapili mchana Waroma hupanda huku na familia zao, babu mpaka kitukuu, na mikahawa hujaa. Kama lazima ukae mezani, piga simu mapema. Anayekuja Alhamisi mchana ajue kwamba maduka ya vyakula ya kizamani yana mazoea ya kufunga Alhamisi alasiri, hasa majira ya baridi. Mkate ukiletwa mezani bila kuuomba, utaukuta kwenye bili. Kahawa inywe kwa kusimama kaunta, ukikaa bei hupanda. Kulalamika ni bure.

Kuhusu makanisa, mimi huingia kutazama kwa heshima, kichwa kimefunikwa tayari, na wazee wa kanisani hunisalimia vizuri kuliko wasichana wa kaptura. Kanisa kuu la hapa Frascati, nalo la Mtakatifu Petro, lina kumbukumbu ya mtu wa ajabu: Charles Edward Stuart, mwana wa mfalme aliyepigania kiti cha Uingereza akashindwa, akafia Roma mwaka 1788. Ndugu yake alikuwa askofu wa hapa, akamzika hapa. Baadaye mwili ukahamishiwa Roma, lakini moyo wake uliachwa Frascati. Mtu wa ukoo wa Ulaya kaskazini, moyo mlimani kwa watu wa zabibu. Sisi tunaotuma pesa nyumbani kila mwezi tunaelewa jinsi mtu anavyoweza kugawanyika. Kanisa la Gesù, jirani, lina kuba lililochorwa tu. Ukisimama mlangoni unaona shimo la mbinguni, ukisogea mbele mchoro unapinda kama mtu aliyeshikwa uongo.

Mazizi ya farasi wa Aldobrandini sasa ni jumba la makumbusho, limetengenezwa na msanifu Massimiliano Fuksas, na ndani kuna mawe na masanamu kutoka Tusculum, mji wa kale uliokuwa juu ya Frascati. Waroma waliuvunja kabisa mwaka 1191, na watu waliokimbia ndio walioikuza Frascati. Magofu yenyewe yako kilomita kama tano juu, kwa miguu ni kupanda mwanzo mwisho. Nilikwenda mara moja na viatu vya kanisani vya dada wa Tanga, kwa kuwa tulibadilishana kwa ujinga. Nenda na raba.

Jambo dogo kwa watu wa kwetu. Ukiulizwa unatoka wapi, usiseme Kenya ukaishia hapo, sema Malindi. Kuna Mtaliano wa Frascati mmoja, mzee, kaunta ya kahawa, aliposikia hivyo akapiga meza: "San Marco!" Frascati ina kituo cha Shirika la Anga la Ulaya na maabara kubwa za fizikia, kwa hiyo mji umejaa watu wa mambo hayo, na wote wanaijua San Marco, ile mitambo ya Wataliano ya kurushia setilaiti kule Ngomeni, karibu na Malindi. Nikamwambia setilaiti iliyorushwa pale tarehe 12 Disemba 1970 iliitwa Uhuru. Alikuwa anajua. Alichokuwa hajui ni maana ya neno lenyewe. Nilipomwambia, akalirudia mara mbili tatu, akalipa kahawa yangu.

Kabla ya kushuka stesheni pita kwa mwokaji ununue pupazza. Ni biskuti ya asali yenye umbo la mwanamke, na mwanamke huyo ana maziwa matatu. Muuzaji hukueleza bila haya: mawili ya maziwa, la katikati la mvinyo. Biskuti yenyewe haina pombe, ni unga, asali na mafuta ya zeituni, nimeuliza mara tatu. Ni ngumu kama kigae, chovya kwenye chai. Zile biskuti za mviringo zilizo pembeni yake, ciambelline al vino, ndizo zenye mvinyo, jina limejieleza.

Bibi yangu humletea moja kila nikienda. Hupokea na mikono miwili, huiweka kwenye sahani yenye maua, huvaa miwani, huitazama kama anayetafuta kasoro. Halafu anavunja ziwa la katikati, analitia mdomoni, na kunisogezea sahani iliyobaki. "Hayo mawili yako," ananiambia. "Wewe hunywi."